Ngiri iliyonasa: kuuokoa utumbo kabla boti haijafika Lamu

Huku kisiwani Pate ngiri, yaani utumbo kuchomoza kwenye upenyo wa ukuta wa tumbo, tunaiita mshipa, na mwenye nao huuzoea: akibeba boriti hutoka, akilala chali hurudi. Mwongozo huu ni wa siku uliyogoma kurudi. Nawaandikia wauguzi na matabibu wenzangu wa zahanati za visiwani, ambao mpasuaji wao yuko ng'ambo ya maji.

1. Uliza umegoma tangu lini. Saa aliyofika kwako haina kazi. Utumbo ukibanwa, vena, mishipa ya kurudisha damu, huziba kwanza kwa kuwa kuta zake ni laini. Damu huingia isitoke, utumbo huvimba, na uvimbe huo ndio unaokuja kuikaba ateri, mshipa wa kuleta damu. Utando wa ndani hutangulia kufa; damu ikikatika kabisa, kwa muda wa saa 6 hivi ukuta mzima waweza kuwa umeoza. Andika muda huo juu kabisa ya barua ya rufaa.

2. Tafuta boti sasa hivi, hata glavu hujavaa. Ukisubiri dripu iingie ndipo upige simu, maji ya Mkanda, mkondo wa kupitia kwenda Lamu, yatakuwa yamekupwa na nahodha atakwambia ngoja yajae.

3. Amua kama utaurudisha. Ngozi ikiwa nyekundu, au kuna homa, moyo waenda mbio, tumbo gumu, maumivu hayakatiki: usisukume. Dalili hizo zikikosekana na ni mapema, mpe dawa ya maumivu, mlaze, inua upande wa miguu, kisha bonyeza taratibu kwa dakika chache. Ukikataa, basi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisukuma mshipa uliokwisha kuiva, ukaingia, mgonjwa akanishukuru na mimi nikajiona bingwa. Alfajiri tumbo lilikuwa kama ubao: nilirudisha ndani utumbo uliooza. Na mzee wa kukanda akiwa ameshatangulia, mwulize kwa adabu alikanda kiasi gani. Ukimgombeza, atakuficha.

4. Mdomo ufungwe. Hakuna chai, uji wala mafuta ya nyonyo ya "kufungua tumbo". Pitisha mrija wa puani hadi tumboni, uachie maji yatoke.

5. Jaza mishipa ya damu. Kanula (mirija ya dripu) mbili nene, maji ya Ringer au ya chumvi 0.9%. Mtu mzima aliyeishiwa maji mpe mililita 500 kwa dakika 15, umpime tena kabla ya kuongeza. Mzee mwenye moyo dhaifu mpe kidogo kidogo. Weka katheta, mpira wa mkojo: mkojo usipungue nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani mtu wa kilo 60 atoe mililita 30. Mpe oksijeni kama mtungi upo, na antibiotiki, seftriaksoni gramu 2 pamoja na metronidazoli miligramu 500, kwa mshipa wa damu, kama hana mzio. Dawa za kupandisha presha kwa kubana mishipa ya damu zisitangulie maji, maana hubana hata ile inayolisha utumbo.

6. Njiani dripu isikauke. Wengi hudhani hatari huisha utumbo uliobanwa ukiachiliwa. Damu inaporudi huleta oksijeni kwenye seli zilizokwisha kuumia, zikazalisha kemikali kali zinazouchoma ukuta upya, na sumu na bakteria wa utumboni wakapenya hadi kwenye damu. Presha huweza kuanguka hapo hapo. Aliyejazwa maji mapema huwa na akiba.

Mpasuaji naye ataufunika utumbo kwa vitambaa vya maji ya chumvi yenye uvuguvugu, angoje kama dakika 10, atazame: rangi imerudi? Ateri zadunda? Unajongea ukiguswa? Usiporudi, ataukata.

Maumivu yakipoa ghafla katikati ya safari na uvimbe bado upo, usishangilie na jamaa zake. Huenda utumbo umekufa. Pima presha, kisha piga simu hospitali waandae chumba cha upasuaji kabla hamjafunga gati.