Somo: Kujiuguza nyumbani baada ya upasuaji wa mishipa ya miguu

Wanakikundi, nimefundisha hapa Kisumu miaka 19, karibu yote nikiwa nimesimama. Mama yangu alikuwa na mishipa iliyovimba miguuni, nami nikairithi. Nilipopasuliwa mguu wa kushoto nilirudi nyumbani na karatasi ya dawa na tarehe ya kutolewa nyuzi, basi. Mengine nilijifunza kwa maumivu na kwa kuwasumbua wauguzi kwa maswali. Nayaandika hapa kwa sababu wengi wetu tunapasuliwa vizuri halafu tunaharibikiwa nyumbani, mikononi mwa watu wanaotupenda.

Kwanza elewa kilichofanyika. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu, zile za miguu huipandisha hadi moyoni, na ndani yake mna vali ndogo zinazoizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hutuama na mshipa hupanuka. Mimi nilifungwa mshipa mkubwa wa juujuu pale kinenani, ukavutwa ukatolewa, kisha ile midogo ikatolewa kupitia vitundu. Usiogope kwamba damu itakosa njia. Sehemu kubwa hupita kwenye vena za ndani kabisa, na hizo hazikuguswa. Lakini vena hizo hutegemea msuli wa shavu la mguu uzikamue kila unapopiga hatua. Ukilala tu, damu inazembea humo, na damu iliyozembea huganda.

Hatua ya 1: Jioni ile ile, simama.
Kama ulidungwa ganzi ya uti wa mgongo, subiri miguu ipate hisia kamili, kisha uinuke ukiwa umeshikwa. Mara ya kwanza nenda hadi mlangoni tu. Kichwa kikiuma sana ukikaa na kupoa ukilala, waambie hospitali. Hiyo inaweza kutokana na sindano ya mgongoni na ina matibabu yake.

Hatua ya 2: Tembea kila siku.
Nilipofika nyumbani wifi yangu alikuwa ameshatandika kitanda, ameleta uji, na ameamuru nisiguse sakafu kwa wiki mbili. Alifanya hivyo kwa upendo, na nusura upendo huo uniponze. Tembea dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, kwenye uwanja ulio sawa. Ukikaa, inua mguu juu ya mito upite usawa wa moyo. Ukiwa kitandani, chezesha vifundo, vidole juu, vidole chini. Kusimama mahali pamoja ndiko kubaya, kwa hiyo dada zangu wa sokoni Kibuye, msirudi kusimama kwenye meza za nyanya siku ya tatu.

Hatua ya 3: Bendeji na soksi za kubana.
Bendeji ya kwanza hukaa siku moja au mbili, kisha unavaa soksi kwa muda atakaosema daktari wako. Wengi huambiwa wiki moja au mbili. Joto la Kisumu linazifanya ziwe adhabu, najua, lakini vumilia. Zivae asubuhi kabla mguu haujavimba, na usiache mikunjo nyuma ya goti. Mimi nilijifunga bendeji upya mwenyewe nikaikaza mno kwenye paja, na usiku vidole vikawa baridi na vya bluu. Ukiona hivyo, legeza papo hapo. Mwenye kisukari au mzunguko mbaya wa damu miguuni asivae soksi hizi bila daktari kuridhia.

Hatua ya 4: Vidonda.
Viweke vikavu siku mbili za mwanzo, kisha oga kwa kumwagia maji na ukaushe kwa kugusagusa. Usiingie ziwani wala kwenye beseni mpaka vifunge. Kidonda cha kinena kichunge zaidi, maana pale pana jasho na mikunjo, na ndipo usaha hupenda kuanza. Kama bendeji imelowa damu, lala, inua mguu, bana mahali hapo kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Isipokoma, nenda hospitali huku umebana.

Hatua ya 5: Jua lipi la kawaida na lipi la hatari.
Paja langu lilikuwa jeusi na zambarau, kisha kijani, kisha manjano, kwa karibu mwezi mzima. Hiyo ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na mwili huifyonza wenyewe. Kuvutika mguuni kama kamba siku za kwanza ni kawaida pia.

Lisilo la kawaida ni shavu la mguu kuvimba na kukaza upande mmoja, likiwa na joto na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani. Hapo usikandwe! Wifi alikuja na maji moto na mafuta ya kuchua, nikamkatalia, akaninunia siku mbili. Nenda upigwe picha ya ultrasaundi siku hiyo hiyo. Homa na usaha navyo visingoje kliniki.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama wa Ahero: Mwalimu, mwezi wa pili sasa na upande wa ndani wa mguu, chini ya goti, umekufa ganzi. Waliniharibu?

Pole sana, mama. Chini ya goti kuna neva, yaani uzi wa mwili unaopeleka hisia, inayotembea bega kwa bega na ule mshipa, na huweza kuguswa hata na daktari mzuri. Kwa wengi eneo la ganzi hupungua kadiri miezi inavyopita, ingawa kwa wengine kipande kidogo hubaki. Mimi bado nina eneo kama la shilingi 20. Usiweke chupa ya maji moto hapo, utaungua bila kujua. Lakini kama huwezi kuinua wayo, hilo ni jambo jingine, rudi upesi.

Boda wa Kondele: Naweza kurudi barabarani lini?

Ukiweza kukanyaga breki kwa nguvu ghafla bila maumivu kukuchelewesha, na umeacha dawa kali za maumivu. Kwa wengi ni wiki moja au mbili. Uliza siku ya kutolewa nyuzi, kisha anza na safari fupi. Kwenye stendi usikae juu ya pikipiki, shuka utembee.

Dada wa Kakamega: Nimepata uvimbe mgumu kama kamba ndani ya paja.

Mara nyingi ni damu iliyoganda pale mshipa ulipotolewa. Hulainika kwa wiki, pengine miezi. Ukiwa mwekundu na wenye moto, uonwe.

Mfanyabiashara, Busia: Wiki ijayo niende Nairobi kununua mzigo?

Ahirisha ukiweza, kaka. Ule mwendo wa kutwa nzima magoti yamekunjwa ndio damu inaoungoja. Ikikulazimu, muulize daktari kwanza kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, vaa soksi, kunywa maji, na gari likisimama Kericho na Nakuru shuka utembee, hata kama abiria wenzako wanalalamika. Na akina dada wanaomeza vidonge vya kupanga uzazi wamwambie daktari kabla ya upasuaji, maana baadhi huongeza hatari hii.

Mwalimu mwenzangu, Nakuru: Je, itarudi?

Inaweza. Mshipa uliotolewa umekwenda, lakini mingine hulegea baadaye. Mimi naona ilistahili, kwa sababu kidonda cha kifundoni kilichonisumbua miaka miwili kilifunga.

Mama wa watoto wawili, Siaya: Mume wangu alipasuliwa siku 9 zilizopita. Tangu asubuhi anahema na kifua kinamchoma akivuta pumzi. Mguu hauumi. Kliniki yake ni Jumatatu.

Mama, msingoje Jumatatu. Bonge la damu linaweza kutoka mguuni likaenda mapafuni hata kama mguu hauumi. Tafuta gari sasa hivi, si pikipiki, mwende hospitali kubwa iliyo karibu, sehemu ya dharura. Mlangoni tu mwambie muuguzi: "Alipasuliwa mguu siku 9 zilizopita, na sasa hawezi kupumua vizuri." Asitembee, asikandwe. Mkiwa njiani mtu mwingine atuandikie mlipofika.