Kutoka Kompyuta Moja hadi Bendi Kamili: Somo kwa Watunzi wa Muziki wa Kielektroniki

Kwa miaka minne nilitunga muziki wa kielektroniki peke yangu katika chumba kimoja mtaani Manyatta, Kisumu, nikiwa na kompyuta, kibodi ndogo na hedifoni. Leo tunapanda jukwaani watu watano. Somo hili ni kwa yeyote anayetaka kuvuka kama nilivyovuka, na lina sharti moja ambalo nitalirudia: kila mwanamuziki anayeingia lazima apewe kazi iliyokuwa ya kompyuta, na kompyuta iache kuifanya.

Hatua ya kwanza: amua unataka bendi ya namna gani. Kevin Parker wa Tame Impala, kutoka Australia, hutunga na kurekodi kwa sehemu kubwa peke yake, lakini jukwaani hupiga na bendi. Trent Reznor wa Marekani alianzisha Nine Inch Nails kama mradi wake binafsi, akakusanya wanamuziki wa kupiga naye jukwaani, na ilipofika mwaka 2016 ndipo Atticus Ross alipotangazwa kuwa mwanachama rasmi. Njia zote mbili ni halali. Kisicho haki ni kumwita mtu mwanabendi mwenzako ilhali moyoni unamhesabu kuwa kibarua wa siku moja.

Hatua ya pili: uvunje wimbo. Toa kila sauti katika faili yake: ngoma, besi, kibodi, sauti za pembeni. Sikiliza moja moja, ukijiuliza ni ipi inayoweza kupigwa kwa mkono na ikawa bora kuliko ilivyo. Hapa ndipo nilipokosea. Nilimwalika mpiga besi, lakini kwa woga nikaiacha besi ya kompyuta iendelee chini yake. Sauti mbili nzito zilikanyagana na wimbo ukawa kama matope. Katika zoezi la tatu nilimwona ameinua vidole kutoka kwenye nyuzi katikati ya ubeti, akasimama tu na gitaa lake, na hakuna mtu chumbani aliyesikia tofauti. Jioni ile niliifuta besi ya kompyuta katika nyimbo zote.

Hatua ya tatu: anza na mpiga ngoma. Mdundo wa kompyuta haungoji mtu, kwa hiyo mpiga ngoma anahitaji kusikia mlio wa kuhesabu mapigo sikioni mwake, mlio ambao hadhira haipaswi kuusikia. Kadi ya sauti yenye matundu manne ya kutolea sauti hurahisisha kazi: mawili yanapeleka muziki kwenye spika, la tatu linapeleka mlio kwa mpiga ngoma. Ikiwa kadi yako ina mawili tu, peleka muziki wote upande wa kushoto na mlio upande wa kulia. Utapoteza upana wa sauti, lakini bendi itakwenda pamoja. Jambo jingine ni ucheleweshaji. Ukipiga kibodi kupitia kompyuta iliyowekwa kukusanya sampuli 1,024, yaani vipande vidogo sana vya sauti, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, sauti huchelewa angalau milisekunde 23, na mkono wako utauhisi uzito huo. Punguza hadi 128, ambazo ni milisekunde 3 hivi, mradi kompyuta isianze kukwaruza.

Hatua ya nne: ala ya nyumbani iongoze mlinganisho wa noti. Sisi tuna mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Nyuzi zake nane hufuata sauti ya mwimbaji, wala hazikuahidi kuzifuata noti za kibodi. Mwanzoni nilimwomba azikaze zilingane na kompyuta, naye akakubali kwa heshima, lakini ala ikapoteza mvumo wake. Sasa yeye hutangulia kulinganisha; mimi napima, kisha naushusha au kuupandisha wimbo mzima ndani ya kompyuta. Noti ya kibodi inayogongana na uzi wake naifuta. Tuliweka pia maikrofoni ya pili chini, karibu na pete ya chuma anayoivaa kwenye kidole gumba cha mguu, kwa sababu kugonga kwa pete ile kwenye ubao wa ala ndio unaobeba mdundo.

Hatua ya tano: andikeni makubaliano kabla ya onyesho la kwanza: nani ametunga nini, na malipo yanagawanywaje. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi, lakini karatasi iliyotiwa saini na wote huzuia ugomvi mapema zaidi.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Nakuru: Hujambo mwalimu. Sina mpiga ngoma, nina rafiki mpiga gitaa tu. Nisubiri?*

Sijambo, ndugu yangu. Usisubiri. Chagua nyimbo tatu, ondoa kibodi inayokaa mahali pa gitaa, kisha mfanye mazoezi mkiwa wawili. Mpiga ngoma atakapokuja atakuta nafasi tayari.

*Kutoka Kakamega: Sisi tunatumia ngoma za isukuti. Wazee wanaozipiga hawataki kuvaa hedifoni.*

Basi wasivae, dada. Ngoma zile tatu zina mazungumzo yao na kasi hupanda kadiri wachezaji wanavyopamba moto. Kompyuta ndiyo iwafuate: kata sauti zako ziwe vipande vifupi na uviite kwa kidole, au tumia kitufe cha kugonga kasi, unachokigonga kwa mapigo yao ili kompyuta ishike kasi hiyo, uongozane nao.

*Kutoka Kisumu: Na umeme ukipotea katikati ya wimbo?*

Yalitukuta ufukweni Dunga. Spika zilizima, besi ikanyamaza, na kibodi yangu pia. Mpiga ngoma alitoa hedifoni masikioni, akamtazama mpiga nyatiti mguuni, wakaendelea wawili huku watu wakisogea karibu ili wasikie. Umeme uliporudi, mpiga besi aliingia tena. Kompyuta niliiacha kimya hadi wimbo ulipokwisha.