Somo: Kustaafisha kifurushi kisicho na mtunzaji

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Kifurushi, yaani programu iliyofungwa tayari kwa kuwekwa kwenye kompyuta, kikizeeka kwenye hazina yetu ya programu huria, wengi hukimbilia kukifuta. Naomba tusianzie hapo. Machi 2016 mwenye left-pad, kifurushi cha mistari 11 tu, alikiondoa npm, hazina ya vifurushi vya lugha ya JavaScript, na kazi za watu dunia nzima zikakwama siku hiyo hiyo. Wengi hawakujua hata kama wanakitegemea.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli kimeachwa. Umri pekee hautoshi, kuna programu ndogo iliyokamilika isiyohitaji kuguswa. Tazama kama hitilafu zinajibiwa na kama bado kinajengeka. Kinachotaka Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, hakina mjadala, maana iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020.

Hatua ya 2: Mwandikie mtunzaji, umpe muda.

Hatua ya 3: Tafuta wanaokitegemea. Hapa ndipo penye kazi. Kwenye Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, amri ya apt-cache rdepends itakuorodheshea vifurushi, lakini haitakuonesha kompyuta za skuli ya Micheweni zilizowekewa programu kwa fleshi. Watu wa huko wapigie simu.

Hatua ya 4: Weka onyo. Npm ina amri ya npm deprecate: kifurushi kinaendelea kupatikana, ila anayekiweka anausoma ujumbe wako. Taja sababu na mbadala. Onyo bila mbadala ni kumwacha mtu njiani.

Hatua ya 5: Zuia, kisha ondoa. Homebrew, chombo cha kuwekea programu kwenye Mac na Linux, hufuata mpango huo: kwanza onyo, halafu kinakataa kuwekwa, mwisho kinatolewa.

Masuali

Mwanachama wa Wete: Maalim, nilichokwisha kukiweka kitazimika?
Jawabu: Hapana. Onyo halizimi kitu, lakini anza kuhama sasa.

Mwanachama wa Mkoani: Kwa nini tusimkabidhi yeyote anayejitolea?
Jawabu: Mwaka 2018 event-stream, kifurushi cha npm, ilikabidhiwa mgeni kwa njia hiyo, akaingiza msimbo wa kuiba bitcoin. Anayejitolea atume marekebisho kwanza, tuyapitie, ndipo apewe ufunguo.

Mwanachama wa Tunguu: Na kikiwa na tundu la usalama?
Jawabu: Hapo usisubiri zamu ya hatua. Onyo na kizuizi viwekwe siku moja, na simu za hatua ya 3 zipigwe kabla hujalala.