Jinsi ya kusoma historia ya galaksi duaradufu kwenye kitovu chake

Kwa mbali, galaksi duaradufu zote ni ukungu wa mwanga usio na mikono. Tofauti imo kitovuni, nawe unaweza kuipima kwa picha za darubini ya Hubble, zinazopatikana bure mtandaoni. Tuanze na galaksi ya M87, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 55 hivi, katika kundinyota la Mashuke.

Hatua ya 1. Pakua picha ya chujio la F814W, karibu na infraredi, kwa kuwa vumbi huziba zaidi mwanga wa buluu.

Hatua ya 2. Funika kila kisichokuwa nyota za galaksi yenyewe: vishada vya nyota, mchirizi wa plazima (gesi yenye chaji za umeme) unaochomoka kitovuni, na ile nukta angavu ya katikati kabisa. Mara ya kwanza nukta hiyo niliiacha, nikashangilia ncha kali ya mwangaza kitovuni. Kumbe nilikuwa napima mng'ao wa gesi kando ya shimo jeusi!

Hatua ya 3. Iache programu ya kuchambua picha ichore duaradufu moja ndani ya nyingine, isome wastani wa mwangaza kwenye kila moja. Chora grafu ya mwangaza na umbali kutoka kitovuni, mihimili yote miwili ikiwa ya logi (kila hatua sawa ni kuzidisha kwa kumi).

Hatua ya 4. Tazama mteremko wa grafu karibu na kitovu. Chini ya 0.3 ni kiini bapa: mwangaza karibu hauongezeki tena ukikaribia kitovu. Zaidi ya 0.5 ni ncha: mwangaza huzidi kupanda. M87 ni bapa. M32, galaksi ndogo jirani ya galaksi ya Andromeda, hupanda tu mpaka pikseli ya mwisho.

Hatua ya 5. Sasa fasiri. Ncha kwa kawaida huachwa na gesi iliyozama kitovuni galaksi zilipoungana, ikazaa nyota papo hapo. Kiini bapa kina kisa kingine. Galaksi mbili zilizokaukiwa gesi zikiungana, mashimo yao meusi huzama katikati na kuzungukana. Nyota ikiyakaribia hurushwa kama jiwe la kombeo, ikaondoka na sehemu ya nishati yao; nayo yakasogeleana. Zikifukuzwa nyingi, kitovu hukonda.

Hatua ya 6. Endeleza mstari wa nje wa grafu hadi ndani, utoe mwanga ulioupima. Pengo linalobaki ndizo nyota zilizofukuzwa. Ligeuze kuwa masi, ulilinganishe na shimo jeusi. La M87 lina masi za Jua bilioni 6.5. Pengo hutarajiwa kuwa mara chache tu ya hapo. Ukipata mara mia, mstari wako wa nje umekosea: uchore upya.