Bustani ya masika uani: kitalu kwanza, mvua baadaye

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shemeji yangu wa Kimara kuanzisha bustani nyuma ya nyumba, kwenye kipande ambacho gari mbili zingekijaza. Aliyoniuliza ndiyo majirani huniuliza kila mwaka, basi bora yakae mahali pamoja. Ni kwa watu wa Dar es Salaam na Pwani, kwenye joto letu na mvua za masika za Machi hadi Mei. Aliyeko Lushoto au Njombe ana baridi yake na mazao yake, asinifuate kwa kila kitu.

Hatua ya 1: Chagua mboga zinazoivumilia mvua

Mchicha, matembele, bamia na nyanya chungu. Hizo nne zinatosha nyumba. Tunda, weka papai. Kabichi na karoti waachie watu wa Lushoto.

Nyanya ndiyo ugomvi. Kila mtu anaitaka, na watu wengi huipanda Machi, kisha Mei majani yameungua kwa bakajani na mashina mengine yamenyauka yangali mabichi. Majani ya nyanya yakilala yamelowa, ugonjwa haukosi. Mimi mbegu ya nyanya naiweka kitaluni mwishoni mwa Aprili na kuihamisha mvua zikiwa zinaaga, ili izae kwenye kipupwe cha Juni hadi Agosti. Napendelea Tengeru 97: ganda lake ni gumu, inavumilia mnyauko fuzari (ugonjwa wa udongo unaonyausha mmea) na minyoo fundo (minyoo midogo inayotia mizizi vinundu), na kwa kuwa si chotara, yaani mbegu ya kuchanganya aina mbili, unaweza kukamua mbegu zake ukapanda tena mwakani. Chotara za bei mbaya ni za mwenye shamba na pampu, si za mwenye magunia machache uani.

Hatua ya 2: Samadi ianze kabla ya Januari

Samadi mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu. Ilundike, ilowanishe, ifunike, uigeuze kila wiki mbili. Ingiza mkono katikati ya lundo: ukikuta joto, bado. Ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe, hivyo ipe muda zaidi, hasa ile ya mabanda ya kuku wa nyama iliyochanganyika na maranda. Maranda huoza polepole mno.

Hatua ya 3: Kitalu

Hapa ndipo bustani nyingi za masika hufia. Unapanda, siku chache tu miche imejaa, roho inafurahi. Asubuhi moja unaikuta imelala, shina limekonda kama uzi pale linapogusana na udongo. Wengi hudhani ni jua, wanaongeza maji, na iliyobaki nayo inakwenda. Huo ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi kwenye udongo na kustawi penye unyevu uliotuama, msongamano na kivuli kizito. Mche ulioanguka hauinuki tena. Kazi yote ya maana hufanywa kabla mbegu haijaingia.

Changanya ndoo 2 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyoiva na 1 ya mchanga. Udongo usitoke mahali palipowahi kuwa na nyanya, pilipili, biringanya au nyanya chungu. Hizo ni ukoo mmoja na maradhi yao ni ya kurithishana. Kisha uue vimelea kwa joto. Njia ninazozijua ni tatu.

Ya jua ndiyo ninayoiamini. Tandaza udongo uliolowana, ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, fukia kingo zote hewa isipite, uache wiki 4 hadi 6. Nailoni nyeusi haifai hapa, kwani joto linaishia kwenye nailoni yenyewe. Njia hii inataka jua kali la Januari na Februari. Machi mawingu yameshafunga na utakuwa unapika udongo kwa jiko lisilo na mkaa.

Ya pili ni kuchoma pumba za mpunga au nyasi kavu juu ya tuta. Inafanya kazi, ila moshi wake utakugombanisha na jirani mwenye nguo kwenye kamba.

Ya tatu ni ya aliyechelewa: maji yanayochemka, uyamwage juu ya udongo mchache kwenye beseni lenye matundu, kisha uache upoe na kuchuja maji hadi kesho yake au zaidi. Kinachonikera ni watu kumwaga dawa ya ukungu kwa kukadiria na kifuniko cha chupa. Unaungua mche, na ugonjwa unabaki.

Kitalu cha masika hakikai chini. Tone la mvua likipiga ardhi hurusha udongo pamoja na vimelea. Tumia trei au beseni kuukuu lililotobolewa, liwe juu ya meza au matofali. Juu yake weka paa la nailoni ya mwanga lililoinama upande mmoja, pembeni uache wazi upepo upite. Makuti sishauri: yanatia giza, na mvua ikikatika yenyewe bado yanadondosha. Upenuni panafaa kama panapata jua la asubuhi, lakini ingia ndani zaidi ya pale maji ya bati yanapoangukia.

Chora mistari iliyoachana sentimita 10, kina kama sentimita moja, dondosha mbegu mojamoja. Usimwage. Najua pakiti ni bei rahisi na mkono ni mwepesi, lakini msongamano ndio mlango wa kinyausi. Funika kwa nyasi kavu kidogo, na siku ileile utakayoona kijani cha kwanza uziondoe. Usingoje kesho. Baadaye punguza miche hadi majani yasigusane.

Maji ni asubuhi tu, kwa keni au kopo lililotobolewa matundu madogo, ili hadi usiku juu ya udongo pawe pamekauka. Chomeka kidole hadi kiungo cha kwanza. Kikitoka na udongo ulionata, ondoka na kopo lako. Ila kuna mtego mwingine, na shemeji nusura umnase: wiki ya mvua nje kote kumelowa, unasahau kwamba chini ya nailoni ni pakavu. Kitalu kinaweza kufa kiu huku barabara imejaa maji. Pima kwa kidole kila siku, usipime kwa macho.

Baada ya wiki ya tatu punguza maji na uanze kufunua paa saa chache mchana mvua isiponyesha, miche izoee. Ikifikisha majani 4 au 5, karibu wiki ya 4 hadi ya 6 kutegemea zao, iko tayari.

Haya yote ni kwa nyanya chungu na nyanya. Mchicha na bamia hupandwa moja kwa moja. Mbegu za bamia loweka usiku kucha. Matembele ni kukata mashina na kuchomeka.

Hatua ya 4: Magunia

Wenye eneo dogo, au wenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, tumieni magunia. Kunja gunia hadi chini. Simamisha katikati kopo kubwa lisilo na kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo na samadi, kisha vuta kopo juu na uendelee hivyo hadi gunia lijae. Nguzo ya kokoto ndiyo njia ya maji. Ukiiruka, juu patalowa na chini patabaki pakavu, au mvua ikizidi kitako kitanuka. Toboa pembeni kwa kupishanisha, mchicha na matembele vikae humo, nyanya chungu ikae juu. Liweke juu ya matofali.

Hatua ya 5: Kuhamisha

Jioni, au siku ya mawingu.

Hatua ya 6: Papai

Mbegu za papai tamu ulilokula zinafaa, ila zina ngozi ya ute inayozuia kuota. Zisugue kwenye chujio kwa mchanga hadi ute utoke, zikaushe kivulini, zipande kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya miche. Huchukua wiki 2 hadi 3 na zaidi kuota, usikate tamaa. Ukihamisha, inua kichuguu kabisa, kwani mizizi ya papai ikikaa ndani ya maji siku mbili tatu inaoza. Panda miche 3 kila shimo, kwa sababu hujui ipi ni dume. Ikitoa maua utajua: dume hutoa vikonyo virefu vinavyoning'inia, vyenye vijiua vingi, jike maua yake ni makubwa na yamebana shinani. Kata madume, bakiza moja la kuchavusha, labda jirani awe nalo.

Hatua ya 7: Wageni wa mvua

Majivu yanasifiwa sana dhidi ya konokono. Kiangazi sawa, masika yakilowa hayana kazi. Toka usiku na tochi, waokote. Vidukari waoshe kwa maji ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa kidogo, chini ya majani. Kuku wa jirani dawa yake ni wavu, maneno hayasaidii. Na makopo yote yasiyo na kazi yageuze kifudifudi: mbu wa dengi huzaliana humo, na Dar iliugua dengi 2014 na 2019.

Mchicha ukifika wiki ya 3 au ya 4 usiung'oe, ukate ukiacha kisiki cha kiganja, utachipua. Bamia ichume kila baada ya siku mbili, maana tunda likikomaa mtini mmea hupunguza kuzaa. Ukipitiwa na moja ikawa ngumu, na mwisho wa msimu uko karibu, iache ikauke hapohapo: ndiyo mbegu ya mwakani.