Somo: Kupima uwezekano wa volkano kulipuka, na hatari yake kwetu Lamu na Malindi

Pwani yetu hii ni matumbawe na mchanga, volkano hatuna. Inayotuhusu ni Karthala, volkano ya kisiwa cha Ngazidja huko Komoro, kilomita 1,000 hivi kusini ya Malindi, na wengi wetu tuna jamaa kule. Kumbuka kuwa uwezekano ni habari za mlima, na hatari ni habari za watu, maji na mali. Ni hesabu mbili, na anayezichanganya huwatia watu hofu bure.

Hatua ya 1: Hesabu milipuko. Tumia kipindi ambacho kumbukumbu zimekamilika tu. Milipuko midogo ya kale haikuandikwa, kwa hiyo ukirudi nyuma sana mlima utaonekana mpole kuliko ulivyo. Kwa Karthala, wastani unaotajwa sana ni mlipuko mmoja kila miaka 11 hivi.

Hatua ya 2: Geuza wastani uwe uwezekano. Kanuni ni 1 − e^(−t/T): T ni wastani wa miaka kati ya milipuko, t ni miaka unayoiulizia, na e ni namba maalumu ya hesabu, 2.718 hivi. Kikokotoo cha simu kinatosha, kilaze tu upate kitufe cha e. Kwa mwaka 1 utapata 0.087, asilimia 9 kasoro. Kwa miaka 10 ni asilimia 60. Wengi hugawa 10 kwa 11 wakasema asilimia 91. Hapo wamesahau kwamba kipindi kimoja cha miaka 10 chaweza kupata milipuko miwili na kingine kisipate hata mmoja.

Kanuni hii ina udhaifu: inachukulia kwamba milipuko haijuani. Karthala ililipuka Aprili 2005, Novemba 2005, Mei 2006 na Januari 2007, mara nne katika muda usiofika miaka miwili. Mlima wenye tabia hiyo ukishaamka, ile asilimia 9 iweke kando.

Hatua ya 3: Rekebisha kwa dalili. Matetemeko madogo mfululizo, ardhi kuvimba, gesi ya salfa kuongezeka. Dalili moja peke yake haitoshi. Pozzuoli, Italia, kati ya 1982 na 1984 ardhi ilipanda takriban mita 1.8, maelfu ya watu wakahamishwa, na mlipuko haukuja. Nyiragongo ya Kongo kwa upande wake ilimwaga lava tarehe 22 Mei 2021 bila onyo la maana. Kwa hiyo dalili hupandisha au kushusha asilimia, hazitoi tarehe.

Hatua ya 4: Fuata njia mpaka mlangoni pako. Zidisha: uwezekano wa mlipuko × wa kuwa mkubwa wa kurusha majivu juu × wa upepo kuyaleta huku. Kwa tarakimu za mazoezi tu: 0.09 × 0.1 × 0.2 = 0.0018, chini ya mara 2 katika miaka 1,000. Usitumie kusi na kaskazi za tanga hapa. Majivu hupanda kilomita kadhaa, na upepo wa huko juu waweza kwenda upande mwingine kabisa.

Hatua ya 5: Pima kitakachoumia. Sentimita 10 za majivu yaliyolowa zaweza kufika kilo 200 kwa kila mita ya mraba ya paa. Lakini Ngazidja mwaka 2005 pigo kubwa lilikuwa maji, kwa sababu watu hunywa ya mvua kutoka kwenye matangi, na majivu yaliyaharibu. Mwenye jabia, yaani birika la kuwekea maji, huku visiwani ataelewa mara moja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tangu 2007 ni zaidi ya miaka 11. Si mlima umechelewa?*
La. Kwenye kanuni hii hakuna kuchelewa: mwaka huu ni asilimia 9, mwakani pia, mpaka dalili zibadilike.

*Nyari ya Marafa, lile bonde jekundu, je, si volkano iliyozimika?*
Hapana ndugu. Ni mchanga uliogandamana ukachongwa na mvua na upepo. Wekundu ule ni wa madini ya chuma.

*Dada yangu yuko Moroni. Nimwambie nini kuhusu tangi?*
Akisikia onyo, afunike tangi na achomoe bomba linaloleta maji ya paa kabla majivu hayajaanguka. Baadaye apige paa maji kidogo, afagie akiwa na barakoa, kisha aoshe. Bomba lirudishwe mwisho kabisa. Kuchemsha hakuondoi floridi, kemikali inayoletwa na majivu, na klorini hufanya kazi vibaya kwenye maji yenye tope.

*Sisi wavuvi, volkano yaweza kuleta tsunami?*
Yaweza. Tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa Anak Krakatau, Indonesia, uliporomoka baharini. Hapakuwa na tetemeko kubwa la kuamsha mitambo ya tahadhari, na mawimbi yakawakuta watu ufukweni usiku. Bahari ikikupwa ghafla saa isiyo ya maji kupwa, acha vyombo, panda juu. Aliye kwenye kina kirefu asikimbilie bandarini, abaki huko huko.