Kufuta taarifa za wateja zinazobaki kwenye kompyuta ya steshenari

Mteja anabofya nafasi ya namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kwenye fomu. Kabla hajaandika chochote, zinashuka namba za waliomtangulia. Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ndiyo watu wanayoombea kazi na kufungulia akaunti benki. Anayepokea wateja ana wajibu wa kuilinda.

Maelezo haya ni ya kivinjari cha Chrome cha kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Tazama kilichohifadhiwa. Kwenye upau wa anwani andika chrome://settings/addresses kisha bonyeza Enter. Hapo yapo majina, simu na anwani. Kadi za benki ziko chrome://settings/payments. Bofya alama iliyo pembeni ya kila ingizo, ufute. Zima pia swichi ya kuhifadhi iliyo juu ya kila ukurasa, ila ujue kwamba kuizima hakufuti yaliyokwisha kuingia.

Hatua ya 2: Futa ingizo moja. Zile namba zinazoshuka ndani ya fomu hutaziona kwenye orodha ya anwani. Bofya nafasi husika, shuka kwa kitufe cha mshale hadi ufike kwenye namba unayotaka iondoke, kisha bonyeza Shift na Delete kwa pamoja. Kwenye Mac ni Shift, Fn na Delete.

Hatua ya 3: Futa zote. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafuta historia, wanaona kurasa zimetoweka, wanaridhika. Historia ni kitu kimoja, data ya fomu ni kitu kingine, na kisanduku chake kwa kawaida hakina tiki. Fungua orodha nzima, weka tiki kwenye "Autofill form data", chagua muda wote badala ya saa iliyopita, ndipo ufute. Kadi zilizohifadhiwa kwenye akaunti ya Google hazitoki kwa njia hii; zinaondolewa ndani ya akaunti yenyewe.

Kisanduku cha nywila kiache kwanza. Kama kompyuta imeunganishwa na akaunti ya mwenye duka na usawazishaji (sync) umewashwa, utakachofuta hapa kitafutika na kwenye simu yake.

Kwenye Firefox vitufe ni vilevile. Tafuta kisanduku cha taarifa za fomu.

Hatua ya 4: Wafungulie wateja dirisha la mgeni. Bofya picha ya wasifu juu kulia, chagua mgeni (Guest). Mimi nalipendelea kuliko dirisha fiche (Incognito), kwa sababu fiche haihifadhi mapya lakini bado inaweza kupendekeza ya zamani. La mgeni halioni kabisa data ya wasifu wako, na likifungwa linaondoka na yote yaliyoandikwa humo.

Faili zilizopakuliwa hubaki. Vyeti na barua za wateja vitakuwa kwenye folda ya Downloads, kwa hiyo ipitie kila jioni, kisha safisha na pipa la taka.